Futuri ya Mwanasesere

Sanamu ya kuchezea hupata kimo kabla ya kupata uso. Anayeichonga, anayeishona au anayeimimina kwa plastiki huanza kwa kuamua mahali itakapokaa: kiganjani, mgongoni, mchangani au rafuni. Uamuzi huo hufunga mengi yanayofuata, tangu idadi ya viungo vyake hadi bei yake dukani, na ndio unaowagawa wakusanyaji wa vidoli vya mashujaa popote walipo. Kuna kambi ya inchi 3 na robo tatu, kuna kambi ya inchi 6, na kuna wasiotaka kusikia habari ya kitu kilicho chini ya futi nzima. Wamebishana kwa miongo kadhaa na bado hawajapatana.

Inchi zenyewe si lugha nzuri ya kuuelewa ugomvi huo. Katika Pwani ya Kenya, kabla ya rula ya shule, mwili ndio uliokuwa kipimo. Wanda ni upana wa kidole kimoja. Futuri ni nafasi kati ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada vinapotanuliwa. Shubiri hutoka kwenye gumba hadi kidole cha mwisho, dhiraa hutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, na pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa kama ya mtu anayepima nguo au kamba ya jahazi. Kidoli cha inchi 3 na robo tatu, yaani sentimita 9.5 hivi, ni upana wa kiganja cha mtu mzima pamoja na gumba lake. Cha inchi 6 ni sentimita 15, karibu futuri moja. Cha inchi 12 ni sentimita 30: shubiri na nyanda nne juu yake. Kumbe kinachobishaniwa ni kiganja, futuri na shubiri, na vyote vitatu viko kwenye mkono mmoja.

Mwanasesere wa zamani zaidi katika vijiji vya Kwale hakuhitaji hata kupimwa. Mahindi yanapokuwa machanga, bua moja huvunjwa hindi lake likiwa bado na ndevu laini, na ndevu hizo huwa nywele za kusukwa. Baada ya mavuno gunzi tupu huvikwa kipande cha leso kuukuu. Kimo chake ni kile alichokitoa mmea, shubiri hivi, ila kuna jambo linaloonyesha kwamba uchaguzi haukuwa wa kubahatisha: gunzi hubebwa mgongoni. Msichana wa miaka 5 hulifunga kwa kitambaa kama mama yake anavyomfunga mdogo wake kwa mbeleko. Mtoto mchanga ni karibu thuluthi ya kimo cha mama, na gunzi lenye nguo zake hukaribia robo ya kimo cha msichana huyo. Uwiano haukupigiwa hesabu na mtu yeyote, lakini uko karibu kiasi kwamba mchezo unasadikika. Aliye mkubwa mchezoni ni mtoto mwenyewe. Mwanasesere ni mdogo kwa sababu yeye ndiye anayelelewa.

Viwanda vilipoanza kutengeneza sanamu hizi kwa wingi, mwanzo vilifuata shubiri. Barbie alitoka mwaka 1959 akiwa na inchi 11 na nusu. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ikatoa askari wake, G.I. Joe, mwenye kimo cha karibu inchi 12. Ukubwa huo ulikuwa na sababu ya wazi: hawa wawili walivuliwa na kuvikwa. Kifungo, mkanda na buti havishoneki kwa urahisi kwa mtu aliye chini ya hapo, na vidole vya mtoto haviwezi kupitisha mkono wa kidoli katika shati lenye upana wa kidole gumba. Hasbro ilijitahidi sana kutomwita askari wake mwanasesere, ikihofu kwamba wavulana wangemkataa, ikabuni jina jipya la sanamu ya vitendo. Kiswahili hakikuwahi kuhitaji mpaka huo. Mwanasesere ni mwanasesere, awe na bunduki au awe na gauni, na pengine lugha iliona sawasawa, maana mikono inayomchezesha hufanya kazi ileile.

Kilichoikata shubiri ni mafuta. Nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yake mwezi Oktoba 1973, bei ya pipa ilipanda karibu mara nne katika miezi michache, na plastiki hutokana na mafuta. Viwanda vya vitu vya kuchezea vikaanza kuhesabu gramu. Ujerumani, Playmobil ilianza kuuzwa mwaka 1974 ikiwa na watu wa sentimita 7.5, waliobuniwa na Hans Beck. Beck alitaka mtu anayeingia ndani ya ngumi ya mtoto na kutoka bila kuvunjika, na mwenye kiwanda alitaka kitu kinachokula plastiki kidogo. Mahitaji hayo mawili yakakutana kwenye kipimo kimoja. Japani, kampuni ya Takara ilimpunguza mtu wake wa inchi 12 ikatoa Microman mwaka huohuo wa 1974, na Marekani kampuni ya Mego ikamleta kwa jina la Micronauts mwaka 1976. Lego ilishuka zaidi: mtu wake mdogo wa mwaka 1978 ana sentimita 4 tu. Kwa miaka minne au mitano sanamu ya kuchezea ilisinyaa kama kitambaa kilichofuliwa kwa maji ya moto.

Kipimo kilichowafanya wakusanyaji wawe wakusanyaji kilitoka Cincinnati. Filamu ya Star Wars ilionyeshwa mara ya kwanza Mei 1977, na haki ya kutengeneza vidoli vyake ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kenner. Husimuliwa kwamba Bernard Loomis, aliyeiongoza kampuni hiyo, alipoulizwa kimo cha kidoli alitanua gumba na kidole cha shahada na kuuliza, je, wakiwa hivi? Mbunifu akaweka rula katikati ya vidole hivyo akasoma inchi 3 na robo tatu. Mswahili angesema Loomis alipiga futuri bila kuinyoosha sana. Nyuma ya ishara hiyo palikuwa na hoja nzito. Hadithi ya filamu ilikuwa ya vyombo vya angani, na kila chombo kilihitaji rubani wa kukaa ndani yake. Kwa shujaa wa inchi 12, ndege yake ya kivita peke yake ingekaribia mita 2, na hakuna duka lingeiweka wala mzazi angeipitisha mlangoni. Kimo cha mtu kikakatwa ili chombo chake kiweze kuingia nyumbani. Vidoli 12 vya kwanza vilitoka mwaka 1978, vingi vikiwa na viungo 5 tu: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Hasbro nayo ilimrudisha G.I. Joe mwaka 1982 kwa kimo hichohicho, akifuatana na kifaru, na baadaye helikopta.

Tatizo hilo la chombo na mtu wake lilikuwa limekwisha kupata jibu lingine, na jibu hilo huonekana Taru. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupanda kupitia Mariakani na Samburu, kisha hukata nyika ya Taru kuelekea Mackinnon Road na Voi. Usiku na mchana malori ya makontena hupita hapo yakinguruma. Mtoto wa Kiduruma anayechunga mbuzi kando ya lami huyajua kwa sauti kabla hayajatokea, na huyatengeneza upya kwa waya: waya uliotolewa kwenye matairi yaliyochomwa, uliokunjwa ukawa kichwa, fremu na tela, magurudumu yaliyokatwa katika soli za ndara, mara nyingine kipande cha mtungi wa plastiki kwa ajili ya bodi. Lori kama hilo huwa na dhiraa moja au zaidi kidogo. Kutoka katika ekseli ya mbele hupanda mti mrefu hadi kifuani mwa mtoto, na juu yake pamefungwa usukani wa waya. Dereva hayumo ndani ya kichwa cha lori, wala hatafutwi. Dereva ni yule anayekimbia nyuma akigeuza usukani, akiunguruma kwa midomo, akishusha gia kwenye mlima asiouona mwingine. Lori ni dogo, mtu ni mzima, na mti ndio unaounganisha vipimo viwili ambavyo kiwandani visingekubali kuwekwa pamoja.

Wakusanyaji wameuondoa mti huo, na hapo ndipo mabishano yao yanapoanzia. Mtu mzima anayenunua vidoli 200 na kuvipanga ukutani hashiki usukani wowote. Yeye hutazama. Mwenye kutazama ana madai ambayo mchezaji hana, na madai hayo yanastahili kuchukuliwa kwa uzito.

La kwanza ni sura. Uso wa kidoli cha inchi 3 na robo tatu ni mdogo kuliko ukucha wa gumba. Kosa dogo la brashi humpa shujaa makengeza. Kwenye inchi 6 mchoraji hupata nafasi ya kuweka kope, kovu na huzuni. Ndiyo maana vidoli vya Marvel Legends, vilivyoanza mwaka 2002 chini ya kampuni ya Toy Biz, viliweza kubeba viungo zaidi ya 30 na bado vikafanana na michoro ya vitabu, na ndiyo maana Hasbro ilianzisha mfululizo wa Star Wars wa inchi 6 mwaka 2013. Dai la pili ni nafasi na fedha. Rafu ya mita moja hubeba vidoli vya kiganja vingi kuliko vya futuri, na huku vile vya futuri vikiongezeka bei mwaka hadi mwaka, mwenye kipato cha kawaida hulazimika kuchagua kati ya kuwa na wengi na kuwa na waliokamilika.

La tatu ndilo lenye nguvu zaidi, nalo ni la uwiano. Mkusanyaji anaweza kuvumilia uso mbaya. Hawezi kumvumilia mtoto aliye mrefu kuliko jitu. Katika Star Wars, Darth Vader lazima amzidi Luke kwa kichwa, na Yoda lazima afike magotini. Kiwanda kikianza upya kwa kimo kingine, mkusanyiko wa miaka 20 hugeuka kuwa kundi la wageni wasiojuana. Wanaotetea kiganja husema pia kwamba vyombo vimebaki kwao, na wana ushahidi: Hasbro ilipotaka kutengeneza meli kubwa ya angani ya Razor Crest mwaka 2020 kwa fedha zilizoahidiwa mapema na wanunuzi, iliifanya kwa ajili ya watu wa inchi 3 na robo tatu. Kwa watu wa inchi 6 meli hiyohiyo ingekuwa pana kama kitanda. Akili ya Loomis bado inafanya kazi.

Kwa mtoto anayepata vidoli kupitia mitumba, uwiano huo huvunjika kabla haujaanza. Vitu vya kuchezea hufika vimechanganyika, bila maboksi na bila ndugu zao, na askari wa kiganja huanguka kando ya mwanamke wa shubiri aliyepoteza mguu. Mtoto hawatenganishi. Huyo mkubwa huwa mama, au jini, au ukuta wa ngome. Hili si ushahidi kwamba mtoto hajali ukubwa. Anaujali sana, ila anaugeuza kuwa sehemu ya hadithi, ilhali mkusanyaji anataka hadithi imalizike kabla ya kupangwa.

Ufuo wa Diani una kipimo cha tatu, kisicho cha mkono wala cha rafu. Kwenye vibanda vya vinyago vya Diani jozi ya Mmaasai na mkewe, wembamba, mkuki na ngao mkononi, hupangwa kwa safu: mbele wale wa kidole, kisha wa futuri, kisha wa dhiraa, na nyuma kabisa wale wanaomfikia mtu kiunoni. Wengi wao ni kazi ya mafundi wa Kikamba, watu wa ufundi unaohusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyerudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza kuchonga. Leo kituo chao kikubwa Pwani ni ushirika wa Changamwe. Hizi nazo ni sanamu za mhusika mmoja zilizotolewa kwa vimo vingi, kama kiwanda kinavyotoa mfululizo wake, na mnunuzi huchagua kwa kuufikiria mfuko wake wa safari na kilo ambazo shirika la ndege linamruhusu. Mfuko umewafupisha Wamaasai wa mbao kwa namna ambayo uchongaji wenyewe haukuwaagiza.

Mti nao una sauti. Mpingo hukua polepole na kiini chake cheusi ni chembamba, kwa hiyo sanamu ya mpingo huelekea kuwa nyembamba hata fundi asipotaka. Muhugu uliochongwa kwa wingi ulianza kupungua misituni, na tangu miaka ya 1990 mafundi wamehimizwa kutumia miti inayokua haraka, hasa mwarobaini, ambao Pwani huota hata nyuma ya jiko. Mwarobaini una gogo nene na kiini chekundu, na umeruhusu vinyago kunenepa. Ndara zilizookotwa ufuoni, ambazo mwishoni mwa miaka ya 1990 zilionekana zikifanywa vitu vya kuchezea na watoto wa kisiwa cha Kiwayu, huko kaskazini ya Lamu, na baadaye zikazaa biashara ya Ocean Sole, zina sheria yao: soli moja hutoa kasa wa kiganja, na anayetaka twiga wa kumfikia mtu begani lazima agundishe soli nyingi, moja juu ya nyingine.

Kuna sanamu ambazo kimo chake si cha kubishaniwa hata kidogo, na kuzitaja hapa ni kwa ajili ya kuonyesha mpaka. Kusini ya mpaka wa Kenya, Wazaramo na Wakwere wana mwana hiti, umbo la kichwa na kiwiliwili bila mikono, ambalo msichana alikabidhiwa alipokuwa mwali ndani. Alilitunza, akalipaka mafuta, akalisuka. Lilitosha mkono mmoja. Umbo hilohilo likachongwa kwenye fimbo, kwenye kiti cha mkubwa, na juu ya kaburi, likikua kadiri ya heshima ya mahali liliposimama. Kwa Wamijikenda, ambao Waduruma wa Taru ni sehemu yao, na hasa kwa Wagiriama, kigango husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa jumuiya ya Gohu, mara nyingi kikimpita mtu mzima kwa urefu. Wengine huwekewa koma, kigingi kifupi na cha kawaida. Tofauti ya kimo hapo ni tofauti ya cheo, na sehemu ya chini ya kigango imo udongoni, haikukusudiwa kuonekana. Wakusanyaji walivitaka vigango kwa sababu ya umbo lao. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilikuja kutambuliwa katika makumbusho mawili ya Marekani, na kimoja kikarudi kwa familia mwaka 2007. Kigango kilichong'olewa hupata urefu zaidi kwa macho ya mtazamaji, lakini urefu huo ni wa udongoni, na kuuweka wazi ni kumvua mtu nguo.

Katika miji ya Waislamu kama Msambweni, suala la sanamu na ukubwa wake lina historia ndefu kuliko kiwanda chochote. Hadithi sahihi zinaeleza kwamba Bi Aisha alikuwa na wanasesere wake na kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) hakumkataza, na katika simulizi moja miongoni mwao palikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Kwa msingi huo wanavyuoni wengi wamekubali mwanasesere wa mtoto huku wakikataza sanamu inayosimamishwa ili itukuzwe. Kinachopewa uzito ni matumizi. Kitu kinachoburutwa mchangani, kinachong'atwa na kupotea, kina hukumu moja. Kitu kilekile kikipandishwa mahali pa juu na kufutwa vumbi, swali hufunguka upya. Wanasesere wa matambara wanaoshonwa bila macho ni jibu la akina mama kwa swali hilo. Mkusanyaji wa vidoli, awe Muislamu au la, anasimama kwenye upande wa pili wa mstari huo uliochorwa zamani, kwa kuwa kidoli chake kimeacha mikono na kupanda rafu.

Ndiyo sababu hakuna kimo kitakachowapatanisha. Gunzi lilihukumiwa na mgongo, Playmobil na ngumi, kidoli cha Kenner na mlango wa chombo chake, Mmaasai wa Diani na mfuko wa safari. Kila kimoja kilikuwa na kitu kigumu cha kukikataa kikizidi au kikipungua. Rafu haikatai kitu. Hupokea kiganja, futuri na shubiri kwa utulivu uleule, na anayeitazama hubaki na macho yake tu, ambayo kila mtu anayo ya kwake.

Kule Taru lori la waya hudumu kuliko mchezaji wake. Kijana akirefuka hujikuta akiinama, na siku moja huacha kulikimbiza. Huanza kuchunga ng'ombe badala ya mbuzi, au hupanda matatu kwenda shule ya bweni. Lori humwachia mdogo wake. Waya haukunjwi upya, magurudumu ya ndara hayabadilishwi mpaka yaishe. Ni mti wa usukani tu unaofunguliwa, ukapimwa kwenye kifua cha mrithi, ukakatwa.